Fundi Anajibu: Diski Zinazokataa Kusomeka kwenye Linux

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu jambo moja. Kompyuta mpya zinauzwa bila draivu ya CD au DVD, huku nyumba nyingi zikiwa bado na masanduku ya diski: harusi, hotuba, kaswida, taarab, picha za mahafali. Wenye diski hizo wamenunua kompyuta za mtumba au draivu za nje, wamesakinisha mfumo endeshi wa Linux, na sasa wanakwama njiani. Nimechagua barua saba, na nimezipanga ili majibu ya mwanzo yawasaidie wenye maswali ya mwisho.

Ndugu Fundi, nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye draivu ya kuandika DVD, nikasakinisha Debian 12 kwa kutumia fleshi bila shida yoyote. Kila nikiweka CD, trei inaingia, taa inawaka kidogo kisha inazimika, na kwenye skrini hakionekani kitu. Fundi wa mtaani kwetu anasema kuwa Linux haina programu ya kuendesha draivu ya aina hii. Je, ni kweli? — Msomaji, Morogoro

Si kweli, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu kauli ya namna hiyo huwafanya watu watupe draivu nzima. Draivu za CD, DVD na Blu-ray, hata ziwe zimetengenezwa na kampuni gani, hufuata lugha moja ya amri ijulikanayo kwa kifupi kama MMC. Kwa hiyo Linux haihitaji programu ya pekee kwa kila draivu: moduli moja ya kerneli, yaani kiini cha Linux, iitwayo sr_mod, huzihudumia zote, na moduli hiyo imo tayari katika Debian uliyosakinisha. Yako maswali matatu tu ya kujiuliza, nayo ni lazima yafuatane: je, kerneli imeiona draivu, je, draivu imeisoma diski, na je, eneokazi, yaani skrini yenye madirisha na aikoni, limepewa habari kwamba diski imewekwa?

Kwa swali la kwanza, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika lsblk, kisha utafute mstari unaoanza na sr0, ambao aina yake imeandikwa rom. Draivu isiyo na diski kwa kawaida huonyeshwa kuwa na ukubwa wa 1024M. Tarakimu hiyo ni ya kujazia nafasi tu, isikutishe. Ukiona sr0, draivu yako inafahamika, na jina lake kamili ni /dev/sr0. Baadhi ya mafunzo ya zamani yatakuambia utafute /dev/hdc. Hilo lilikuwa jina la enzi za nyaya pana za IDE, na programu zile za kale za kuendesha IDE ziliondolewa kabisa katika kerneli toleo la 5.14, mwaka 2021. Siku hizi hata draivu ya zamani yenye waya mpana huitwa sr0.

Baada ya hapo andika sudo dmesg | grep sr0, ambapo sudo huifanya amri itekelezwe kwa mamlaka ya msimamizi. Utapata mstari unaofanana na huu:

sr 1:0:0:0: [sr0] scsi3-mmc drive: 48x/48x writer dvd-ram cd/rw xa/form2 cdda tray

Uhifadhi mstari huo, kwa maana ndipo draivu inapojieleza yenyewe. Alama ya 48x ni kasi ya kusoma CD, ambapo 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Neno writer linaonyesha kwamba inaweza kuandika, cdda kwamba inasoma muziki, tray kwamba ina trei, na xa/form2 kwamba inaweza kusoma sekta, yaani vipande vidogo vya data, za aina inayotumiwa na diski za video za VCD, jambo tutakalolirudia kwa msomaji wa Tanga.

Iwapo sr0 haipo kabisa, zima kompyuta, iwashe tena na uingie kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Linux. Ikiwa hata huko draivu haionekani, basi Linux haihusiki: fungua kasha, uangalie kebo ya data na kebo ya umeme, maana katika kompyuta za mtumba si ajabu kukuta mojawapo imechomolewa ili kuhudumia diski kuu ya pili. Kama tundu la SATA limezimwa kwenye BIOS, liwashe. Ikiwa BIOS inaiona lakini lsblk haiioni, amuru sudo modprobe sr_mod na uangalie tena.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, nadhani shida iko kwenye swali la pili au la tatu. Weka diski, subiri sekunde ishirini, kisha amuru sudo mount -o ro /dev/sr0 /mnt. Huku ndiko kupachika, yaani kuifanya diski ionekane kama folda, hapa folda ya /mnt. Ikifunguka, basi draivu na diski ni zima, na kilichokosekana ni kile kinacholiambia eneokazi kwamba diski imewekwa; katika maeneokazi mepesi vifurushi vyake pengine havikusakinishwa. Amuru sudo apt install udisks2 gvfs gvfs-backends, toka na uingie upya. Kama ulipokuwa unasakinisha Debian uliweka neno la siri la root, yaani msimamizi mkuu, huenda amri ya sudo ikakukatalia. Tumia su - kwanza, kisha uandike amri hizo bila neno sudo.

Ikiwa amri ya mount itajibu no medium found ilhali diski imo ndani, basi leza haikuweza kuisoma. Hapo jaribu diski tatu tofauti kabla ya kuhukumu: CD ya kiwandani, CD iliyochomwa nyumbani, na DVD. Ndani ya draivu ya DVD mna leza mbili, moja ya nanomita 780 kwa ajili ya CD na nyingine ya nanomita 650 kwa ajili ya DVD, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai. Ndiyo maana mtu huapa kwamba draivu yake ni nzima kwa kuwa inacheza DVD, wakati leza ya CD imekwisha kuchoka. Ikiwa inasoma za kiwandani na kukataa zilizochomwa, lenzi ina vumbi au leza imedhoofika, kwa sababu diski zilizochomwa hurudisha mwanga hafifu zaidi, na zile za kufutika, CD-RW, hurudisha chini ya theluthi moja tu ya mwanga unaorudishwa na CD ya kawaida. Kijiti cha pamba chenye tone moja la spiriti safi, kikipitishwa kwa wepesi mno juu ya lenzi, kimezifufua draivu nyingi zilizopita mikononi mwangu.

Fundi, nina draivu ya nje ya USB, nyembamba, na kompyuta mpakato yenye Ubuntu. Nikiichomeka, taa inawaka. Nikiweka diski inaanza kuzunguka, inatoa mlio wa tik-tik, kisha inapotea kwenye orodha na kurudi tena. Kwenye kompyuta ya kaka yangu inafanya kazi vizuri. — Msomaji, Mombasa

Draivu yako ina njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na draivu nyembamba, hasa katika sekunde zile za kwanza za kuizungusha diski, huweza kuvuka kiwango hicho. Umeme ukipungua inazimika, kompyuta inadhani imechomolewa, kisha inawaka upya. Ukiacha sudo dmesg -w ikiendelea unapoweka diski, utaona maneno USB disconnect yakijitokeza kila mara mlio unaposikika. Chomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0, ambalo hutoa miliampea 900, na usipitie kigawanyio kisicho na umeme wake mwenyewe. Kama mpakato wako ni wa zamani na hauna tundu hilo, tumia kebo yenye vichwa viwili vya USB, kimoja cha data na kimoja cha kuongeza umeme.

Kwa wale waliorithi draivu ya Apple iitwayo USB SuperDrive, kuna jambo la ziada. Draivu hiyo huonekana vizuri kama sr0 lakini hukataa hata kuimeza diski, kwa sababu husubiri amri maalumu ya kuiamsha ambayo kompyuta za Apple huituma zenyewe. Sakinisha kifurushi cha sg3-utils, kisha amuru sudo sg_raw /dev/sr0 EA 00 00 00 00 00 01, nayo itaikubali diski papo hapo.

Asalaam alaykum. Nina CD za taarab alizoniachia marehemu mume wangu. Mwanangu ameniwekea Linux, lakini akijaribu kuzifungua kwa mount anaambiwa kwamba aina ya mfumo wa faili si sahihi. Kwenye kompyuta yake ya zamani ya Windows tulikuwa tukiona mafaili. Je, CD zimeharibika? — Bibi msomaji, Unguja

Wa alaykum salaam, bibi, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. CD zako hazijaharibika, wala mwanao hajakosea sana. CD ya muziki haina mafaili hata moja. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 ilikusudiwa kuchezwa kwenye deki, si kwenye kompyuta, na juu yake pana sauti tupu iliyopangwa mfululizo kuanzia katikati kwenda ukingoni: sampuli 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande wa spika, na jedwali dogo mwanzoni linaloeleza kila wimbo unaanzia wapi. Kwa kuwa hamna mfumo wa faili, hamna cha kupachika. Yale mafaili yenye mkia wa .cda mliyoyaona kwenye Windows yalibuniwa na Windows yenyewe. Kila moja lina baiti 44 tu, na ukilinakili kwenye fleshi unakuwa umenakili anwani ya wimbo bila wimbo wenyewe. Nasisitiza hapa kwa sababu najua familia zilizonakili .cda, zikagawa CD zenyewe, na baadaye zikakuta hazina kitu.

Kusikiliza tu, afungue VLC na kuchagua diski ya muziki. Kuhifadhi, ambako ndiko ninakokuhimiza, asakinishe cdparanoia na flac, aingie kwenye folda mpya na kuamuru cdparanoia -B. Programu hiyo husoma kila kipande kwa kupishanisha na kilichotangulia, hulinganisha, na hurudia pale panapotia shaka. Kwa hiyo kwenye CD yenye mikwaruzo inaweza kuchukua muda mrefu, na asiikatishe. Itatoa faili moja la wav kwa kila wimbo. CD ya dakika 80 hutoa takriban megabaiti 850, na zikigeuzwa kuwa flac kwa amri ya flac *.wav zitapungua sana bila sauti kupoteza chochote.

Majina ya nyimbo kwa kawaida hayamo ndani ya CD yenyewe. Programu nyingi huyatafuta katika hazina ya intaneti iitwayo MusicBrainz, na kwa CD za taarab zilizotolewa kwa wingi mdogo msishangae kukosa jibu. Basi kaeni pamoja, wewe ukitaja jina la wimbo, mwimbaji na kikundi, naye akiandika. Kumbukumbu yako ndiyo pekee inayoweza kuijaza sehemu hiyo.

Ndugu Fundi, harusi ya dada yangu ya mwaka 2003 iko kwenye VCD mbili. Diski inafunguka, naona folda ya MPEGAV na ndani yake AVSEQ01.DAT. Lakini nikinakili kwa cp napata Input/output error baada ya muda mfupi tu, na faili linabaki tupu. Nimeisafisha diski mara nyingi. Deki ya nyumbani inaicheza bila kukwama. — Msomaji, Tanga

Nimeipenda barua hii kwa sababu umeandika jambo moja ambalo wengi huliacha: kwamba deki inaicheza. Hilo peke yake linatosha kutuambia kuwa diski ni nzima na kwamba kosa liko kwenye namna ya kuisoma.

Kila sekta ya CD ina baiti 2,352. Kwenye CD ya data, baiti 2,048 ndizo zako. Zilizobaki, ukiacha chache za kuitambulisha sekta, ni za kugundua na kurekebisha makosa, ili mkwaruzo mdogo usiharibu faili. Waliobuni VCD mwaka 1993 walikabiliwa na swali la kubana filamu ya zaidi ya saa moja ndani ya diski hiyo hiyo, wakaona kwamba kosa dogo kwenye picha halina madhara makubwa kama kosa kwenye hesabu za benki. Wakaacha ulinzi ule wa kurekebisha makosa na kuitumia nafasi yake kwa ajili ya filamu, kila sekta ikabeba baiti 2,324. Hiyo ndiyo form2 iliyotajwa katika mstari wa draivu. Ndiyo maana pia faili la DAT huweza kuonyesha zaidi ya megabaiti 700 juu ya diski ya dakika 74, ambayo kwa data ya kawaida ingebeba 650 tu.

Sasa, diski yako ina njia (track) zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni ndogo, ni ya data ya kawaida, na ndimo zilimo folda unazoziona. Filamu yenyewe iko kwenye njia ya pili. Jina AVSEQ01.DAT ni kama kibao cha barabarani kinachoelekeza huko. Linux inapopachika diski huomba sekta za baiti 2,048 zenye ulinzi kamili. Ikifika kwenye filamu, draivu hujibu kwamba sekta za namna hiyo hazipo, nawe unaletewa kosa la kusoma. Ungesafisha diski mwaka mzima, jibu lingekuwa lile lile.

Usiipachike. Kama imejipachika yenyewe, iondoe kwa umount. Ili kuitazama, amuru vlc vcd:///dev/sr0. Ili kuihifadhi, sakinisha kifurushi cha vcdimager, ingia kwenye folda yenye nafasi ya kutosha na uamuru:

vcdxrip --cdrom-device=/dev/sr0 --progress

Utapata faili la avseq01.mpg, ambalo ni filamu kamili, pamoja na faili dogo la xml linaloeleza mpangilio wa diski. Ikiwa diski ina sehemu ngumu na programu hiyo inakwama, nakili diski nzima kwanza katika hali yake ghafi:

cdrdao read-cd --read-raw --datafile harusi.bin --device /dev/sr0 harusi.toc

kisha utoe filamu kutoka kwenye nakala hiyo kwa vcdxrip --bin-file=harusi.bin, bila kuichosha diski tena.

Picha utakayopata ni ya nukta 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, kwa mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia huku kwetu. Utashawishika kuigeuza iwe MP4 kubwa ili ipendeze kwenye televisheni mpya. Geuza nakala ya kuwatumia ndugu kwenye simu, lakini lile faili la mpg lenyewe usilifute, kwa sababu kila kugeuza kunapunguza kitu, na filamu hii ilikuwa na kidogo tangu mwanzo. Na kwa kuwa sekta zake hazina ulinzi, mkwaruzo wowote mpya unaingia moja kwa moja kwenye picha kama miraba inayorukaruka. Kwa hiyo usisubiri sikukuu ijayo ndipo uinakili ya pili.

Nikibonyeza kitufe cha draivu, trei haitoki. Nimelazimika kuzima kompyuta mara mbili. — Msomaji, Kisumu

Diski ikiwa imepachikwa, kerneli hufunga mlango ili usiitoe wakati programu inaisoma. Amuru eject kwenye terminali, nayo itaondoa upachikaji na kufungua trei. Ikikataa, kuna programu inayoishikilia, na mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyoko ndani ya folda ya diski: amuru cd ili utoke, kisha ujaribu tena. Kuijua programu nyingine, tumia sudo fuser -vm /dev/sr0. Umeme ukiwa umekatika kabisa, kila draivu ya trei ina tundu dogo mbele. Ingiza klipu ya karatasi iliyonyooshwa, sukuma taratibu hadi trei isogee, kisha uivute kwa mkono. Fanya hivyo kompyuta ikiwa imezimwa, maana diski inayozunguka huweza kujikwaruza.

Fundi, niliishi Muscat kwa miaka kadhaa na nikanunua huko DVD halisi za filamu. Nimerudi Pemba, na kompyuta yangu ya Debian inazitambua lakini VLC haichezi hata moja, wakati DVD nilizochoma mwenyewe zinacheza. — Msomaji, Wete

Kuna vizuizi viwili tofauti, nami nitavitenganisha. Cha kwanza ni msimbo uitwao CSS, unaofunga filamu za kiwandani kwa ufunguo wa biti 40. Ulivunjwa mwaka 1999, na Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei aliyeshtakiwa kwa kuhusika na programu iliyouvunja, aliachiwa huru na mahakama za nchi yake mwaka 2003. Debian haiweki maktaba ya kuufungua ndani ya vifurushi vyake kwa sababu sheria za nchi zinatofautiana, lakini hukupa kifurushi kinachoileta. Washa sehemu ya contrib kwenye orodha ya vyanzo vya apt, amuru sudo apt install libdvd-pkg, kisha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg ukiwa umeunganishwa na intaneti. Kwa wasomaji wengi jibu huishia hapo.

Kizuizi cha pili ni mkoa. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia. Oman na nchi jirani zake ziliwekwa mkoa wa 2, Afrika Mashariki mkoa wa 5. Maktaba hiyo mara nyingi hupita bila kujali mkoa, ila zipo draivu zinazokataa katakata. Hapo sakinisha regionset na uamuru sudo regionset /dev/sr0. Tafadhali isome namba inayoonyeshwa kabla ya kukubali lolote: draivu huruhusu kubadilishwa mkoa mara 5 tu, na hesabu hiyo imeandikwa ndani ya draivu yenyewe, kwa hiyo kusakinisha upya mfumo endeshi hakuirudishi nyuma. Ukiwa na draivu mbili, iache moja mkoa wa 2 na nyingine mkoa wa 5.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina CD-R tisa za picha za wanafunzi wangu, nilizochoma kati ya 2002 na 2008. Baadhi zinafunguka, lakini nikinakili, kompyuta inaganda kwenye picha fulani na sijui nianzie wapi. — Msomaji, Bukoba

Shikamoo, Mwalimu. Anza kwa kuacha kunakili picha mojamoja. Kila faili linalogoma huifanya draivu irudie na kurudia mahali pabovu, na wakati huo hujafika kwenye yale mazima. CD-R huhifadhi data katika tabaka la rangi inayochomwa na leza, na rangi hiyo huathiriwa na joto na jua. Vilevile tabaka hilo na la kuakisi yako karibu kabisa na upande wenye maandishi, chini ya varnishi nyembamba, wakati upande wa kung'aa una plastiki ya zaidi ya milimita moja. Kwa hiyo upande wa kuchungwa zaidi ni ule tunaouandikia kalamu na kuubandika karatasi. Ikiwa kuna lebo zilizobandikwa, usizibandue, maana huweza kuondoka na data.

Sakinisha kifurushi cha gddrescue, na kwa kila diski uamuru kwanza:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 picha1.iso picha1.map

Amri hii hukusanya upesi yote yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka yanayogoma, huku faili la map likiandika mahali palipobaki. Ikimaliza, rudi kwenye sehemu zile zilizobaki:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 picha1.iso picha1.map

Kwa kuwa ramani imehifadhiwa, unaweza kuisimamisha kwa Ctrl na C jioni na kuendelea asubuhi, na, jambo lililonisaidia mimi kuliko yote, unaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyingine kabisa na kuendelea na mafaili hayo mawili. Draivu mbili mara nyingi hazidhoofiki mahali pamoja. Sekta iliyoshindikana kwenye moja huweza kusomeka kwenye nyingine. Azima kwa majirani na kwa shule yako ya zamani. Kusafisha, tumia kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Nakala ikikamilika, ifungue kwa sudo mount -o loop,ro picha1.iso /mnt na unakili picha zako kwa utulivu. Iwapo sehemu ya mwanzo yenye orodha ya mafaili ndiyo iliyoharibika na mount inakataa, amuru photorec picha1.iso, programu iliyo katika kifurushi cha testdisk. Hiyo haitegemei orodha. Hupekua nakala yote ikitafuta mahali JPEG inapoanzia. Majina ya mafaili yatapotea, lakini tarehe iliyowekwa na kamera ndani ya kila picha itabaki, nawe kwa tarehe hizo utaweza kuzipanga tena darasa kwa darasa.